Visima 40 mara watu 250 si kiashiria

SWALI: Mimi ni afisa ufuatiliaji na tathmini katika asasi inayochimba visima vijijini Tanzania. Tumekamilisha visima 40 vya pampu ya mkono. Mshauri elekezi amezidisha kwa watu 250, akapata 10,000, na anataka turipoti kwamba hao wamefikiwa kwa kiashiria 6.1.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Je, yuko sahihi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na nimechoka kuikuta hesabu hii kwenye ripoti. Watu 250 kwa kituo cha maji, ndani ya mita 400, ni kiwango cha Sera ya Maji ya 2002. Kinamwongoza mhandisi kupanga, hakisemi nani anachota. Pampu ikifa kesho, wale 250 wanabaki kwenye jedwali lenu.

Kiashiria 6.1.1 kinahesabu watu wanaotumia maji salama, tena kwa masharti mazito: maji yawe pale nyumbani, yapatikane yanapohitajika, yasiwe na vimelea vya kinyesi wala kemikali hatari. Kisima cha kijiji hakiingii humo hata kiwe kizuri vipi. Kinaweza kuhesabiwa huduma ya msingi, ngazi iliyo chini ya hiyo, iwapo kwenda, kupanga foleni na kurudi hakuzidi dakika 30. Nendeni kisimani alfajiri na saa mkononi. Dumu la lita 20 likijaa kwa dakika 2, mama aliye wa 20 kwenye foleni anangoja dakika 38 kabla hajaushika mpini.

Usafi nao hauonekani kwa macho. Kuzunguka Mlima Meru kuna maji yanayong'aa kwenye glasi, ila floridi yake, kemikali inayotoka ardhini, imepita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watoto yanageuka kahawia.

Dunia nzima iliwahi kunasa hapo. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba lengo la maji katika Malengo ya Milenia lilitimia tangu 2010, kwa kuhesabu "vyanzo vilivyoboreshwa", yaani vilivyojengwa kukinga uchafu, bila kupima maji yenyewe. Leo washauri wanauza njia ileile ya mkato kwa grafu za rangi: vyandarua vilivyogawiwa wanaviita watoto waliolala ndani yake, madawati wanayaita watoto wanaojua kusoma. Wanalipwa bila kukanyaga kijijini, na mfadhili akishaamini kijiji kimepata maji, harudi tena.

Andikeni "visima 40 vimechimbwa", na chini yake, vingapi vilitoa maji siku mliyovitembelea. Kisha chagueni kaya kwa sampuli, mziulize jana zilichota wapi.