Nani Aende Kumuona Mwalimu Mpya?

Skuli zikifunguliwa Januari simu yangu haipumziki. Ni mjumbe wa kamati ya skuli hapa Wete, Pemba, na majirani wanalijua hilo. Swali lao ni lile lile: mtoto kapata mwalimu mpya, tumeitwa tukaonane naye, tukaseme nini? Mie huwaambia hilo la kusema lisubiri, kwanza amueni nyumbani nani anakwenda. Mkikosea hapo, maneno mazuri hayatasaidia kitu.

Nyumba zetu mnazijua. Baba yuko Unguja kikazi au yuko baharini, mama anatoka alfajiri kwenda kwenye biashara yake, mtoto analelewa na bibi, na siku nyengine analala kwa mama yake mdogo. Ukija wito wa skuli, ukoo unatafuta mtu wa heshima: ami mwenye kanzu iliyopigwa pasi, aliyesoma, anayejua kuzungumza na wakubwa. Nimeshakaa na maami wa namna hiyo ofisini kwa mwalimu mkuu. Wanazungumza vizuri mno, malezi hivi, ushirikiano vile, mpaka mwalimu aulize, "Huyu mtoto asubuhi anakula nini kabla ya kuja?" Hapo ami anatazama dari.

Aende anayejua mtoto jana kalala saa ngapi. Kama ni bibi asiyejua kusoma wala kuandika, basi bibi. Akiona haya kwenda peke yake afuatane na mtu, lakini msemaji awe yeye.

Mtoto wa dada yangu aliingia darasa la tatu na sifa ya uvivu wa kuandika. Sentensi za ubaoni alikuwa akizikata katikati, mwalimu aliyepita akaliandika hilo kwenye ripoti, na wazee wake wakalipokea kama lilivyo. Kwa mwalimu mpya akaenda bibi yake. Habari ya uvivu hata hakuigusa. Alisema tu, katikati ya mazungumzo, kwamba yeye humfukuza mjukuu wake mbele ya televisheni kila siku maana mtoto huweka pua kwenye kioo, na jioni wakikaa barazani hamtambui mpitaji mpaka asikie sauti yake. Mwalimu alimhamishia dawati la mbele siku ile ile na akawashauri wampeleke hospitali akapimwe macho. Sasa anavaa miwani. Bibi mwenyewe alidhani anasimulia utundu wa mtoto.

Mwalimu aliye na darasa lililojaa hawezi kuyajua haya mwenyewe, angalau si kwa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo kabla hamjaenda, kaeni jioni moja mkumbushane yale ambayo yeye hayaoni: sikio linalotoka maji, pumu inayoamka vumbi likizidi, mtoto aliyefiwa karibuni, mtoto ambaye wazazi wake wameachana na wiki hii yuko huku, wiki ijayo yuko kule. Na kifafa msikifiche. Najua kwa nini kinafichwa, watu wana midomo. Basi mwombeni mwalimu mzungumze pembeni, wazazi wengine wasisikie, mumweleze kinaanzaje na afanye nini: amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu yake, asimtie kitu chochote mdomoni, aangalie kimechukua muda gani. Kikipita dakika tano, apelekwe hospitali mara moja. Mwalimu asiyeambiwa ataona mtoto kaanguka na darasa zima litakimbia likipiga kelele, na siri mliyoilinda itafika sokoni kabla ya adhuhuri.

Jambo jengine ambalo familia hazilisemi ni mkono wa kushoto. Nyumbani mtoto anafundishwa kula kwa kulia, na ndivyo inavyopasa. Kuandika ni habari nyengine. Kuna mwalimu atakayedhani anawasaidia kwa kumnyang'anya kalamu na kuihamisha mkono, kumbe nyinyi nyumbani mlishakubaliana aandike kwa kushoto. Mwambieni wazi: kula ni kulia, kalamu tumemwachia. Au kama hamjakubaliana, kubalianeni kabla ya kwenda, mtoto asije akawa na sheria moja nyumbani, ya pili skuli na ya tatu chuoni anakosoma Kurani.

Na chuoni pia kutajwe. Mtoto wa mkondo wa asubuhi akitoka skuli anakula, anabadilisha nguo, anakwenda chuoni mpaka jioni. Akirudi ni magharibi. Kazi ya nyumbani ataifanya lini? Mwelezeni mwalimu ratiba ya kweli, si ile mnayotamani iwe. Walimu wengi wanaifahamu hali, wao wenyewe wamepita huko huko, lakini hawajui mtoto wako anatoka saa ngapi wala anatembea masafa gani. Mnaweza pia kumuuliza maalim wa chuoni anamuonaje. Amekaa na mtoto miaka, na anajua kama kweli anasoma herufi au anafuata sauti za wenzake.

Kuhusu adabu sina mengi. Walimu wa siku hizi wengine ni vijana, na bibi atataka kumwita "mwanangu". Barazani hakuna ubaya. Mbele ya mjukuu amwite mwalimu. Msimzuie mlangoni anapoingia darasani, wala msimkamate sokoni ana samaki mkononi, na jua linawaka. Mtumieni salamu kwanza, muulize ana nafasi lini.

Mtoto naye atayarishwe. Ukimuuliza "mwalimu wako mzuri?" atasema "mzuri" na mazungumzo yamekwisha. Muulize anakaa na nani, ubao anauona, akitaka kwenda chooni anaomba vipi. Hilo la choo linachekesha watu wazima, lakini kwa wa maandalizi na darasa la kwanza ndilo linaloliza watoto. Halafu acheni kabisa ule mtindo wa "nitamwambia mwalimu akuchape". Mkishamgeuza mwalimu kuwa zimwi la nyumbani, mtoto hatamwambia hata tumbo likimuuma.

Kwa wanaohamia Unguja, chukueni barua ya uhamisho, nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti ya mwisho, tena mkononi, si kwenye mzigo utakaoshuka melini baadaye. Muhimu zaidi, mwambieni mwalimu mpya kwamba mtoto anatoka Pemba na huenda akachekwa kwa lafudhi yake. Nimeona watoto hodari wakinyamaza darasani muhula mzima kwa sababu hiyo, na mwalimu akaandika kwamba mtoto mzito. Mwalimu akijua mapema, atawakataza wanafunzi wenzake siku ya kwanza, na yeye mwenyewe hatacheka.

Mkiwa na mtoto wa darasa lenye mtihani wa taifa, ulizeni habari ya mtihani huo mapema, maana mwaka unakimbia. Na ukifika msimu wa karafuu, kama familia inahamia shamba, mwalimu aambiwe kabla. Mie siungi mkono mtoto kuachishwa skuli ili achume, na nimeshagombana na watu kwa hilo. Lakini mwalimu aliyeambiwa ataweka kazi pembeni impate mtoto akirudi. Asiyeambiwa anaandika "mtoro".

Aliyekwenda akirudi, awasimulie wote usiku ule ule, na baba apigiwe huko aliko. Ami naye aelezwe, asije akakasirika kwamba karukwa. Namba ya simu mpeni mwalimu moja tu, ya mtu anayepokea hata kama hana salio la kupiga.