Kwa nini Kandel alimchagua konokono wa baharini
Umeuliza kwa nini Eric Kandel, mwanasayansi wa ubongo aliyetaka kuielewa kumbukumbu ya binadamu, alimchunguza konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Mnyama huyo ana seli za neva zipatazo 20,000 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu, hivyo Kandel aliweza kuzifuatilia moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huimarisha miunganiko iliyopo kati ya seli hizo, ilhali ya muda mrefu huhitaji protini mpya na miunganiko mipya. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mtu huyu, aliyeukimbia mji wa Vienna, Austria, mwaka 1939 akiwa mtoto wa miaka 9, alieleza kuwa kumbukumbu za mji huo ndizo zilizomvuta kwenye utafiti uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000.