Mgeni wa chuo apangwe wapi kwenye kozi ya kusoma?

Muhula wa kwanza ukifunguliwa, walimu vijana huniuliza swali lilelile: nani aende kozi ya kusoma, yaani ya kuelewa maandishi, na nani aachwe aendelee na fani yake? Chuo cha ufundi ninachofundisha hapa Hoima, Uganda, hupokea watu wa kila namna. Yupo kijana aliyemaliza S.4 (kidato cha nne) mwaka jana, yupo fundi wa pikipiki aliyeishia P.7 (darasa la saba) na sasa anatafuta cheti, na wapo wengi kutoka makazi ya wakimbizi ya Kyangwali waliosoma Congo kwa Kifaransa. Wote watafundishwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuwagawa hupewa asubuhi moja tu, tena asubuhi ambayo wengine wametoka kushuka kwenye basi la usiku na hawajatia kitu tumboni.

Ninachowaambia ni hiki: kabla ya kumpanga mtu, jua kama shida yake ni kusoma au ni Kiingereza. Hizo ni shida mbili, na mtihani wetu wa kupangwa, ule wa kuchagua A, B, C au D, hauzitofautishi.

Chukua wanafunzi wawili wa fani ya upishi. Mmoja ni mama kutoka Kyangwali ambaye alama zake za mtihani wa kupangwa zilikuwa za mwisho kabisa. Nilimpa ukurasa wa kitabu cha usafi wa jikoni, nikamwambia asome kimya, asiharakishe, kisha anieleze kwa Kiswahili. Alisoma, akarudi juu kwenye kichwa cha habari, akasoma tena. Akasema, “Mwalimu, wanasema nyama mbichi ikae chini kwenye friji, iliyopikwa ikae juu, ili maji ya mbichi yasiidondokee. Neno hili silijui, lakini nadhani ni chakula kilichobaki.” Alikuwa amepatia. Huyo ni msomaji kamili. Anajua kurudi nyuma pale maana inapompotea, anajua kukisia neno kwa yale yanayolizunguka. Anachokosa ni msamiati wa Kiingereza, na ukimweka darasa la kufundishwa namna ya kutafuta wazo kuu la aya unampotezea muhula.

Mwingine ni kijana wa S.4 anayezungumza Kiingereza bila kusita. Ukurasa uleule aliusoma kwa sauti nzuri bila kukwama popote. Nilipomuuliza kwa nini nyama mbichi iwekwe chini, alinisomea tena sentensi ileile. Nikauliza kwa maneno mengine, akaisoma mara ya tatu. Alama zake zilikuwa za juu, na ni yeye aliyehitaji kozi ya kusoma. Wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani, na mtihani huwapitisha kila mwaka.

Jambo hili halijatupata sisi peke yetu. Vyuo vya jamii vya Marekani, vile vya miaka miwili, kwa muda mrefu viliwapanga wageni kwa mitihani mifupi ya kompyuta kama COMPASS na ACCUPLACER. Aliyeanguka alipelekwa kozi za chini za kusoma na kuandika, akizilipia ilhali hazihesabiwi kwenye shahada. Mwaka 2014 Judith Scott-Clayton, Peter Crosta na Clive Belfield walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba, katika vyuo walivyovichunguza, karibu mtu mmoja kati ya watatu waliofanya mtihani wa Kiingereza alipangwa mahali pasipomfaa kabisa, na kosa kubwa lilikuwa kuwashusha watu chini ya uwezo wao. Kuangalia alama za sekondari kulipunguza makosa hayo. Shirika la ACT, lenye mtihani wa COMPASS, liliuondoa mwaka 2016, na sheria ya California iitwayo AB 705, ya mwaka 2017, ikavitaka vyuo vya huko kutumia rekodi za sekondari.

Sisi tunaweza kufuata njia hiyo, lakini kwa uangalifu. Wanaoleta matokeo ya zamani ya UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza S.4, wana alama za D1 hadi F9. Walioanza kutahiniwa kwa mtaala mpya mwaka 2024 wana A hadi E. Karani asizipange kwenye orodha moja kama vile ni kipimo kimoja. Na aliyekimbia Ituri, mashariki mwa Congo, usiku, cheti chake kikabaki kwenye nyumba iliyoungua, hana karatasi ya kukuonyesha. Asihesabiwe kwamba hakusoma.

Basi fanya hivi. Chukua ukurasa wa kitabu halisi cha fani anayoingia: injini kwa mwanafunzi wa magari, usafi wa jikoni kwa mpishi. Hadithi ya sungura na fisi haitakwambia kama ataelewa maelezo ya breki. Asome kimya, akueleze kwa lugha anayoimudu, na maswali yako yawe ya “kwa nini” na “ingekuwaje kama”. Dakika kumi kwa mtu zinatosha. Kama wanafunzi ni wengi mno, anza na jaribio la kujaza mapengo, ambalo Wilson Taylor alilieleza mwaka 1953: acha sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la tano hadi upate mapengo 50. Kwa kawaida anayepatia chini ya 20 huhesabiwa kwamba ukurasa umemshinda. Lakini jaribio hilo nalo linapima Kiingereza na kusoma kwa pamoja, kwa hiyo walioanguka usiwapange hapo hapo. Waite mmoja mmoja, uwasikilize.

Angalia macho pia. Mtu mzima anayesogeza karatasi mbali au anayetafuta dirisha huenda anahitaji miwani, na hakuna kozi ya kusoma itakayomsaidia kabla hajaipata.

Kuhusu kozi yenyewe, mimi napendelea iende sambamba na fani, saa chache kwa wiki, wakitumia vitabu vilevile vya fani. Kumzuia mtu muhula mzima asiguse nyundo wala sufuria mpaka “ajue kusoma” ni kumfukuza polepole. Wengi wana mfadhili aliyeahidi kulipa muda maalumu tu, na muhula ukiongezwa hakuna wa kuulipia. Na kozi isiitwe darasa la chini. Wanafunzi wana masikio. Jina hilo likishatoka, wengine hawaji hata siku ya kwanza, na wanaoacha huwa wale waliokwisha kuaibishwa shuleni zamani.

Wiki ya tatu, kaa na walimu wa fani muulizane nani amepangwa vibaya. Mwalimu wa karakana huona mapema nani anasoma maelekezo kabla ya kushika mashine na nani anangoja kumtazama mwenzake. Ahamishwe wiki hiyohiyo, bila ada mpya na bila barua ndefu, na sababu iandikwe kwenye faili lake ili mwalimu wa muhula wa pili asianze kumpima upya.