Maswali Yenu: Taharuki, Vicheko na Mioyo ya Kwenye Filamu

Mhariri, kila usiku mimi na mume wangu tunakubaliana kutazama sehemu moja tu ya tamthilia. Tukija kushtuka ni saa nane. Tatizo ni letu au la tamthilia?

La tamthilia, kwa kiasi kikubwa. Mwandishi haikati sehemu pale kisa kinapoisha. Huikata punde tu anapofungua swali jipya. Mlango unagongwa, bahasha inafunguliwa, mtu anaanguka, majina yanapita. Jibu analiweka mwanzoni mwa sehemu inayofuata, mara nyingi ndani ya dakika kumi za kwanza. Programu nayo huianzisha sehemu hiyo yenyewe baada ya sekunde chache, kabla hujaiona rimoti ilipo. Zamani mlisubiri wiki nzima na taharuki ikapoa. Siku hizi hainyimwi kuni hata kidogo.

Kwanza zimeni huko kujianzisha kwenyewe. Kwenye Netflix mpangilio huo uko ndani ya kila wasifu, si kwenye akaunti nzima, kwa hiyo ukizima kwako, kwa mumeo kunaendelea kama kawaida. Pili, msiache mwishoni mwa sehemu, acheni katikati. Tazameni mpaka swali la jana lijibiwe, kisha zimeni dakika ya kumi na tano hivi, wahusika wakiwa wamekaa wanazungumza mambo yao. Hapo hakuna kinachowavuta, na kesho mtaanzia palepale.

Kwenye filamu mgonjwa akikata roho, mstari kwenye mashine unanyooka, daktari anampiga shoti ya umeme, mgonjwa anakohoa na kufumbua macho. Mdogo wangu anaamini ndivyo ilivyo. Nimwambie nini?

Mwambie mstari ulionyooka haupigwi shoti. Mashine ya shoti haiwashi moyo uliozimika. Kazi yake ni kutuliza vurugu. Iko hali ambapo moyo unatetemeka ovyo bila kusukuma damu. Shoti huukata mtetemo huo ghafla ili mfumo wa umeme wa moyo wenyewe ushike tena mdundo. Pasipo mtetemo hakuna cha kukata, na kinachobaki ni kukandamiza kifua na kutoa dawa. Watengenezaji filamu wanaupenda mstari ulionyooka kwa sababu mtazamaji anauelewa bila kuambiwa, na ule mlio wake mrefu unawaokolea gharama ya muziki.

Kosa la pili liko kwenye viwiko. Mwigizaji aliyelala pale moyo wake unadunda vizuri, hawezi kukandamizwa kweli. Basi mwenzake anakunja viwiko na kubonyeza juujuu, na anayejifunza kwa macho anabaki na mkao huo.

Mkao wenyewe, kwa mtu mzima aliyezimia na hapumui kawaida (kutweta kwa vipindi si kupumua), ni huu. Mwambie mtu mmoja, kwa kumnyooshea kidole, apige simu ya dharura na kutafuta mashine ya shoti. Weka sehemu ya chini ya kiganja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na kiganja cha pili juu yake. Nyoosha mikono, mabega yawe sawasawa juu ya viganja. Kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiache kifua kiinuke chote. Kama hujafunzwa kupuliza pumzi, kandamiza tu bila kusita. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika 2, maana aliyechoka hukandamiza juujuu bila kujijua. Ubavu ukivunjika, endelea. Mashine ikifika, iwashe na ufuate sauti yake.

Imani ya mdogo wako ina chanzo. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu yao ya matukio ya namna hii katika vipindi vitatu vya televisheni: robo tatu ya wagonjwa walizinduka papo hapo, na theluthi mbili walionekana kuishi hadi kuruhusiwa kutoka hospitalini. Katika maisha, kwa walioangukia nje ya hospitali, hata kwenye nchi zenye huduma nzuri anayepona ni takriban mmoja kati ya kumi. Ndugu aliyelelewa na televisheni anaposimama mlangoni mwa wodi, anamdai daktari kitu ambacho hata tiba haina.

Vile vicheko kwenye vichekesho vya televisheni, wanaocheka ni akina nani?

Mara nyingine ni watu halisi waliokaa studioni. Mara nyingine ni rekodi ya watu waliocheka kitu kingine kabisa, siku nyingine kabisa. Fundi sauti wa Marekani, Charles Douglass, ndiye aliyeunda miaka ya 1950 sanduku lenye vitufe kama vya taipureta: kitufe hiki mcheko wa chini, kile watu wanaoangua kicheko, na kanyagio la kupunguza sauti taratibu. Kicheko huambukiza, na anayetazama peke yake sebuleni hana wa kumwambukiza. Tafuta onyesho ambalo limeondolewa vicheko hivyo uone waigizaji wanavyosimama kimya wakisubiri. Utani mwingi hufia hapo.

Kikundi chetu kinaandika mchezo wa redio wa kuhamasisha watu wazima wajifunze kusoma. Waliousikiliza wanasema ni hotuba. Tunakosea wapi?

Bila shaka mna mhusika mwema anayejua kila kitu. Mnyamazisheni kidogo.

Mbinu inayotumika sana katika kazi hii ilibuniwa Mexico miaka ya 1970 na Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni. Ina wahusika wa aina tatu: mmoja anayefuata mwenendo mnaoutaka, mmoja anayeupinga, na mmoja anayeyumba kati yao. Mchezo ni wa huyu wa tatu. Msikilizaji hajioni kwa mwema wala kwa mwovu. Anajiona kwa yule anayetaka kubadilika, akaahidi, akarudi nyuma, akaona haya, akajaribu tena. Vikundi vingi humbadilisha kwa sehemu moja tu, baada ya nasaha. Mpeni sehemu kumi au zaidi, na angalau mara moja aanguke vibaya.

Anayepinga naye awe na mvuto. Katika *Twende na Wakati*, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, dereva wa lori Mkwaju alikuwa mpenda wanawake, na hakuadhibiwa kesho yake. Gharama zilimfikia kidogokidogo mpaka akaugua. Kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine hadi mwaka 1995, hivyo watafiti wakapata pa kulinganisha. Waliousikia mchezo walibadilika zaidi, katika kupanga uzazi na katika kupunguza idadi ya wapenzi.

Kwa upande wa ufundi, sehemu ya dakika 15 inabeba matukio manne au matano, si zaidi. Sauti zisizidi nne katika tukio moja, na kila anayeingia atajwe jina ndani ya maneno mawili matatu ya kwanza, kwa kuwa msikilizaji haoni. Wanawake wawili wenye sauti zinazofanana msiwape tukio moja. Someni mswada kwa sauti mkiwa na saa, kurasa zinadanganya. Kisha chukueni kalamu nyekundu mpigie mstari kila sentensi ambayo ingeweza kuandikwa kwenye bango ukutani. Hizo ndizo hotuba zenu. Zifuteni, au mpeni anayepinga azidhihaki.

La mwisho watu hulisahau: huduma iwe tayari. Mchezo wa Sabido wa mwaka 1975, nao ulihusu watu wazima kujifunza kusoma, uliwaonyesha wahusika wakienda kuchukua vitabu vya bure kwenye ghala halisi. Siku iliyofuata maelfu kwa maelfu ya watu walifurika pale na barabara zikaziba. Kabla hamjataja darasa hewani, hesabuni viti na vitabu.

Kwa nini nyimbo za siku hizi zinaanza moja kwa moja na kiitikio, bila utangulizi?

Kwenye Spotify, programu ya kusikiliza muziki mtandaoni, wimbo hauhesabiwi umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30. Utangulizi wa gitaa wa sekunde 25 unamaliza karibu muda wote huo kabla sauti haijasikika, na msikilizaji kidole chake kiko tayari. Si mara ya kwanza chombo kuamua umbo la wimbo: santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika 3 kila upande, na wanamuziki wakajifunza kumaliza humo. Kama wewe ni mtunzi, rekodi mara mbili. Toleo la mtandaoni sauti iingie ndani ya sekunde kumi za kwanza. La jukwaani liachie gitaa liongee.