Kutoka jeshini kwenda kuongoza ndege

Hongera kwa utumishi, kaka. Umeuliza uanze na nini ukiwa hapo Mwanza kabla ya kuomba mafunzo ya kuongoza ndege, yaani kuwaelekeza marubani kwa redio ukiwa ardhini. Kiingereza cha kuzungumza! Leseni ya kazi hiyo inadai angalau kiwango cha 4 cha lugha cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Redio ya jeshini imekupa nidhamu, na hiyo ni mtaji mkubwa, ila lugha ya marubani wa kiraia ina utaratibu wake. Jizoeze kutamka namba tarakimu moja moja, kwa sauti. Kapime macho na masikio mapema, cheti cha afya daraja la 3 hakikwepeki. Chuo cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kiko Dar. Soma pia hali ya hewa: ngurumo zinazojijenga ziwani usiku huvuruga ndege za alfajiri.