Kabla Hujabishana Kuhusu Ubaguzi wa Marekani, Uliza "Kati ya Wangapi?"

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo, ameniandikia akiwa na uchungu: "Shikamoo mwalimu. Tumeshindwa mdahalo. Mada ilikuwa 'Ubaguzi wa rangi Marekani umekwisha, uliobaki ni ugomvi wa vyama.' Sisi tulipinga. Tulikuwa na takwimu kibao, wenzetu walikuwa na moja tu, na bado wakatupiga. Tulikosea wapi?" Akaambatanisha na hotuba yao.

Marahaba, kijana wangu. Hotuba nimeisoma. Kila sentensi ya pili ina asilimia, na hakuna hata moja iliyosema ni kati ya wangapi, ni ya mwaka gani, na nani alihesabu. Sisi tunaokaa kwenye meza ya majaji tumezizoea hizo, na tukizisikia tunaweka kalamu chini. Wenzenu walileta nambari moja wakaieleza vizuri, ninyi mkaikana. Hapo ndipo mlipochemsha, kwa sababu nambari yenyewe ni ya kweli.

Walisema kwamba mwaka 1964 Warepublikan waliipigia kura ya ndiyo Sheria ya Haki za Kiraia, ile iliyopiga marufuku ubaguzi, kwa kiwango kikubwa kuliko Wademokrat, chama kikubwa kingine cha Marekani. Kweli kabisa. Februari mwaka ule Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada kwa kura 290 dhidi ya 130. Warepublikan 138 walisema ndiyo na 34 hapana, yaani asilimia 80. Wademokrat 152 walisema ndiyo na 96 hapana, yaani asilimia 61. Ukisimama mbele ya watu ukasema huo ni uongo, mwenzako anatoa karatasi, na kuanzia hapo hata ukweli wako hauaminiki tena.

Dawa yake ni kuzigawa kura zilezile upya. Chukua majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, yaweke upande mmoja, na mengine yote upande wa pili. Kaskazini, Wademokrat 145 kati ya 154 waliunga mkono, asilimia 94. Warepublikan wa hukohuko ni 138 kati ya 162, asilimia 85. Kusini, Wademokrat ni 7 kati ya 94. Warepublikan? Sifuri kati ya 10. Angalia tena: Kaskazini Wademokrat wako juu, Kusini pia wako juu, lakini ukijumlisha nchi nzima Warepublikan ndio wanaongoza. Hakuna uchawi. Karibu wabunge wote wa Kusini wakati ule walikuwa Wademokrat, kwa hiyo kura za hapana za Kusini zilimwagika kwenye kapu la chama kimoja. Kilichoamua kura ya mbunge ni alikotoka, chama kilifuata nyuma.

Malizia na yaliyofuata mwaka uleule. Seneta Barry Goldwater, aliyeipinga sheria ile kwenye Seneti, aligombea urais kwa tiketi ya Republican. Akashindwa vibaya nchi nzima, akapata jimbo lake la Arizona na majimbo matano ya Kusini kabisa: Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina. Strom Thurmond, seneta wa South Carolina, alihama Democratic na kuingia Republican Septemba 1964. Lakini usije ukasema "vyama vilibadilishana watu usiku mmoja." Wapinzani wazuri wanaingoja sentensi hiyo. Wademokrat waliendelea kushika viti vingi vya Kusini katika Baraza la Wawakilishi hadi uchaguzi wa 1994. Mabadiliko yalichukua miaka 30, na yalianza na urais kabla ya kushuka kwenye ubunge.

Haya yote yanasemeka ndani ya dakika moja kama umeyaandika kwenye kadi mapema. Kadi moja, nambari moja. Juu andika nambari, chini yake andika "kati ya wangapi", mwaka, na aliyepima. Mstari wa mwisho andika swali baya kuliko yote ambalo adui anaweza kukuuliza juu ya nambari hiyo. Ukikosa cha kuandika kwenye mstari huo wa mwisho, hujaielewa nambari yako, iache nyumbani. Hotuba ya dakika saba inabeba kadi tatu, nne kwa shida.

Sasa turudi kwenye mada. Ilikuwa na madai mawili yaliyofungwa pamoja: ubaguzi umekwisha, na kilichobaki ni vyama. Anayepinga anatakiwa kuvunja moja tu, mada nzima ianguke. Ninyi mlihangaika na yote mawili kwa muda uleule. Halafu neno "ubaguzi" hamkulifafanua. Dakika ya kwanza ni ya kazi hiyo, na ligawe mara tatu: sheria inayobagua, mtu anayebagua, na pengo lililoachwa na sheria za zamani. La kwanza likubali haraka, tena kwa sauti. Sheria ya 1964 ilifunga ubaguzi wa kisheria kwenye ajira, mahoteli na migahawa; ya 1965 ilifungua kura; ya Aprili 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis, ilihusu nyumba. Jaji akiona umekubali kilicho dhahiri, yaliyobaki anakusikiliza vizuri zaidi. Vijana wengi wanaogopa kukubali chochote, wanadhani ni udhaifu.

Kwa mtu anayebagua, kadi bora ninayoijua ni ile ya wachumi wawili waliotuma maombi ya kazi karibu 5,000 Boston na Chicago, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wasifu ni wa kubuni, sifa zinalingana, kinachobadilika ni jina: Emily na Greg upande mmoja, Lakisha na Jamal upande wa pili. Wenye majina ya kizungu walipigiwa simu mara moja kwa kila maombi 10 hivi. Wenye majina ya watu weusi, mara moja kwa kila 15. Uzuri wake ni kwamba "kati ya wangapi" iko wazi, hakuna wa kuichezea. Swali baya ni kwamba huenda mwajiri alisoma umaskini kwenye jina Lakisha, hakusoma rangi. Jibu: hata kama ni hivyo, mwombaji mweusi ndiye aliyelipia dhana hiyo, na vyeti vyake havikumsaidia. Usiivute kadi hii ikaenda kwenye mishahara. Haikupima mishahara.

Mauaji ya polisi ndipo watu wanapoumizana zaidi, na ndipo hotuba yenu ilipokuwa dhaifu kuliko kote. Polisi wa Marekani huua kwa risasi watu wapatao 1,000 kwa mwaka, na gazeti la Washington Post lilianza kuwahesabu mmoja mmoja mwaka 2015. Mpinzani atasema waliouawa wengi ni wazungu. Ni kweli kwa idadi. Uliza kati ya wangapi. Watu weusi ni kama 14 katika kila Wamarekani 100, kwa hiyo ukigawanya kwa idadi ya watu, mweusi anauawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya mzungu. Hapo wengi hushangilia na kukaa chini. Mapema mno! Mpinzani aliyesoma atainuka na kukugeuzia swali lako mwenyewe: kwa nini ugawanye kwa raia wote, badala ya wale waliokutana na polisi? Atamtaja Roland Fryer, mchumi mweusi wa Harvard, ambaye mwaka 2016 alitoa utafiti usioona tofauti ya rangi kwenye risasi. Mwachie amalize. Kisha sema mambo mawili. Utafiti huohuo ulikuta kwamba kwenye kusukumwa, kufungwa pingu na kubanwa ukutani, weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) walikuwa kwenye hatari ya zaidi ya asilimia 50 juu ya wazungu. Na la pili, ambalo ni la kiufundi lakini linaua: kama polisi wanasimamisha watu weusi wengi wasio na kosa, kundi la "waliokutana na polisi" linajaa watu ambao hakukuwa na sababu ya kuwafyatulia risasi, na kiwango cha kuuawa ndani ya kundi hilo kinaonekana kidogo. Ubaguzi wa mlangoni unaficha ubaguzi wa ndani. Rudia maelezo haya nyumbani mpaka mdogo wako wa kidato cha pili ayaelewe, maana ukibabaika katikati, ni bora usingeyaanza.

Pengo la mali nalipitia upesi kwa kuwa kosa lake ni moja: watu wanachanganya mali na kipato. Mali ni ulicho nacho ukitoa madeni. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa 2022 ulikuta ukizipanga familia za wazungu kutoka maskini hadi tajiri, ile ya katikati ina kama dola 285,000. Ya weusi, kama dola 44,900. Tumia familia ya katikati, achana na wastani wa kawaida, mabilionea wanauvuta juu. Ukiulizwa pengo lilitoka wapi, nenda kwenye nyumba. Miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lilichora ramani za miji kwa rangi nne, kijani, buluu, njano na nyekundu, na mitaa ya watu weusi ikapakwa nyekundu, maana yake kukopesha huko ni hatari. Kuanzia 1934 serikali ikadhamini mikopo ya nyumba kwa kufuata fikra hizohizo. Wakikuambia hayo ni ya zamani, waombe wahesabu: aliyenyimwa mkopo mwaka 1955 akiwa na miaka 30 ndiye aliyetakiwa kuwarithisha watoto nyumba miaka ya 1990. Watoto hao wako hai.

Kuna hoja nyingine ambayo Mmarekani anaisikia mara chache, ila kwenye ukumbi wa Waswahili haikosekani: "Mbona ndugu zetu wakienda kule wanafanikiwa? Wale weusi wa kule ni wavivu." Inapigiwa makofi, hasa ukumbini kukiwa na mtu mwenye mjomba Houston. Nayo ni ya kati ya wangapi. Mshindi wa bahati nasibu ya Green Card anatakiwa awe amemaliza sekondari, au awe na miaka miwili ya kazi inayohitaji ujuzi. Mwanafunzi anatakiwa kuonyesha barua ya chuo na fedha. Yaani walioshindwa kuvuka mchujo wamebaki huku, hawapo kwenye hesabu. Umechukua waliochujwa wa taifa moja ukawapambanisha na watu wote wa taifa lingine, wazee, wagonjwa na wote. Kama unataka mfano wa wasiochujwa kwa vyeti, waangalie Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu wakahamishiwa Marekani kama wakimbizi. Na polisi hawaulizi ulizaliwa wapi. Februari 1999 Amadou Diallo, kijana wa miaka 23 kutoka Guinea, alifyatuliwa na polisi risasi 41 mlangoni kwake Bronx, New York. Mkononi alikuwa na pochi. Polisi wale wanne waliachiwa huru na mahakama mwaka uliofuata. Hoja ya uvivu ni aibu kuisikia ikitoka kwetu, na bado jaji haruhusiwi kuikata kwa sababu ya aibu. Lazima wewe uivunje kwa hesabu.

Nusu ya pili ya mada, ya vyama, ina nguvu kuliko mlivyodhani, na kama mngekuwa upande wa watetezi ningewaambia mwanzie hapa. Gallup, shirika la kura za maoni, lilipowauliza Wamarekani mwaka 1958 kama wanakubali ndoa kati ya mweusi na mzungu, asilimia 4 walikubali. Mwaka 2021 walifika asilimia 94. Sasa weka kando yake maswali ya watafiti wengine: mzazi atachukia mwanawe akioa au kuolewa na mtu wa chama pinzani? Mwaka 1960 waliosema ndiyo walikuwa kama 5 katika 100, kwa vyama vyote viwili. Mwaka 2010 walikuwa karibu nusu ya Warepublikan na theluthi moja ya Wademokrat. Ukizisoma hizo mbili taratibu, moja baada ya nyingine, ukumbi unanyamaza.

Ila wewe unayepinga zisikutishe. Maswali hayo ni tofauti, moja linauliza kukubali na jingine kuchukia, kwa hiyo nambari zake hazilinganishwi wala hazitolewi moja kwa nyingine. Halafu mtu anayepigiwa simu na mgeni anajua jibu la rangi linalopendeza. La chama hakuna aliyemfundisha kulionea haya. Zaidi ya hapo, rangi na chama havijaachana. Mwaka 2020 Wamarekani weusi tisa kati ya kumi hivi walimpigia kura Biden, mgombea wa Democratic. Mwaka 2024 Wademokrat walipoteza sehemu ya kura hizo, bado wakabaki na kama nne kati ya tano. Kundi ambalo kura zake zimeegemea upande mmoja kiasi hicho haliwezi kuwekwa nje ya ugomvi wa vyama ukasema hapa pana vyama tu.

Kwenye maswali, jiandae na lile la mwisho, litakuja tu: "Mbona kwetu kuna ukabila?" Usikasirike, usianze kutetea nchi. Sema "Upo, na siku ukiwa mada nitauzungumza," ni sekunde tano, kisha rudi kwenye kadi uliyokuwa umeishika. Ukiulizwa takwimu usiyoijua, omba mwaka na aliyepima. Wengi wataishia hapo. Dakika ya mwisho usiongeze kadi mpya. Rudia ile moja iliyomsumbua mpinzani zaidi, ukae, na umwachie msemaji wenu wa pili vyama.