Paka mkubwa jicho likigeuka bluu, weka chini hiyo dawa ya matone

Mkuu, habari za bahati na majini ziache kwanza. Umeandika kwamba paka wako jike ana miaka miwili, macho yake yote yalikuwa ya kijani, na sasa la kushoto limeanza kuwa bluu na analifumbafumba. Jirani yako hapo Chuno, Mtwara, kakwambia neema inaingia nyumbani, na muuza duka la dawa kakuuzia matone. Umeuliza kila rangi ina maana gani, kama atazaa watoto wa macho ya bluu, na Dar wanauzwaje. Nakuomba usimtie hata tone moja la hiyo chupa kabla daktari wa mifugo hajamwona, na amwone leo. Usingoje Jumatatu.

Rangi ya macho inabadilika kwa paka mtoto. Wanapofumbua macho, kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, wote ni bluu, kwa sababu melanini, ile rangi ya asili ya mwili, bado haijaingia kwenye lile duara linalozunguka mboni. Kuanzia kama wiki ya 6 au ya 7 inaanza kuingia: ikiwa kidogo jicho linakuwa la kijani, ikizidi linakuwa njano, ikijaa sana linakuwa na rangi ya shaba. Wengi wakifika miezi 3 au 4 rangi yao ya ukubwani inaonekana wazi. Sasa paka wa miaka miwili bluu ataitoa wapi? Msogeze mlangoni penye mwanga, mtazame jicho kwa ubavu. Utaona ukungu umetanda mbele, kwenye kile kioo cha jicho, na duara la kijani liko palepale nyuma yake. Kioo kimeingia maji. Ama kina kidonda, ama jicho limevimba kwa ndani.

Nasema kwa uchungu kwa sababu haya nimeyaona kwa dume langu kule Mikindani, paka aliyekuwa akilinda ghala la korosho panya wasisogee. Alianza na mafua, chafya na tongotongo, halafu jicho moja likawa na wingu la bluu. Muuza dawa, bila kumwona paka wala kuuliza chochote, akatoa chupa ya matone ya macho ya binadamu: "Tia haya, kesho kutwa limepona." Na kweli, wekundu ukaisha. Paka akafumbua jicho, akarudi ghalani, nyumba nzima tukafurahi.

Kumbe ndani ya ile chupa, pamoja na dawa ya kuua bakteria, kulikuwa na deksamethasoni. Hiyo ni steroidi. Kazi yake ni kushusha uvimbe na wekundu, kwa hiyo jicho linapendeza kwa nje, huku kidonda kinazuiwa kufunga na kinazidi kuchimba. Na mafua ya paka mara nyingi yanaletwa na kirusi cha jamii ya herpesi, ambacho paka akishakipata anaishi nacho maisha yote na hupenda kushambulia kioo cha jicho. Kumtia steroidi paka wa namna hiyo ni kukifungulia kirusi mlango. Asubuhi moja nikamkuta kainamisha kichwa, maji yanamchuruzika shavuni, na katikati ya jicho kuna kitu cheusi kama punje ya mtama. Nikadhani uchafu. Kilikuwa ni lile duara la rangi lenyewe linatokea kwenye tundu. Kioo kilikuwa kimetoboka. Jicho likaondolewa.

Yule daktari wa mifugo alinionyesha kwenye jicho la pili kitu ambacho kilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Alichukua kikaratasi chembamba chenye rangi ya chungwa, akakilowesha, akakigusisha jichoni, akalisafisha kwa maji kisha akamulika taa ya bluu. Penye mchubuko hung'aa kijani, papo hapo, hata wewe unaona. Ni kipimo cha dakika chache. Hakijafanyika hicho, usikubali tone lolote la steroidi, awe kakuuzia nani. Na mtu anayekabidhi dawa ya macho kwa kusikiliza maelezo tu, tena kwa mnyama, anafanya jambo baya sana. Hata huyo jirani na neema zake amekuchelewesha, na kidonda cha jicho hakisubiri.

Sijui kidonda cha paka wako kilianzia wapi. Huku kwetu paka hugombana, huchomwa na miiba, na yapo majoka, swila, yanayotema sumu machoni. Msimu wa korosho, mafuta ya maganda yanaunguza hata ngozi ya mtu, sembuse jicho. Ukishuku sumu au mafuta, msafishe hapohapo kwa maji mengi safi, kisha safari ya kwa daktari ianze. Na Panadol usimpe hata robo, kwa maana ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kuhusu maana za rangi: kijani, njano na shaba ni kiasi cha melanini tu, hazisemi kitu juu ya tabia wala uchawi. Penye maana ni paka mweupe mwenye macho ya bluu. Wengi wao ni viziwi, na akiwa na jicho moja la bluu, sikio lisilosikia mara nyingi ni la upande huo. Kwa paka mkubwa zipo dalili nyingine za kukimbilia kwa daktari: doa la kahawia linalotanuka ndani ya rangi, ambalo laweza kuwa saratani, jicho kugeuka rangi ya kutu au kuingia damu, na weupe wa jicho kuwa njano, ambapo shida iko kwenye ini au kwenye damu.

Kwa leo tafuta boksi la karatasi, litoboe matundu, tandika kanga, mfunike asipigwe na jua, na umzuie asilikune jicho. Ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri wakuelekeze kwa daktari mwenye hicho kikaratasi, kwa sababu si kila anayechanja kuku anacho. Hiyo chupa usiitupe. Nenda nayo, daktari asome kilichomo.